Hifadhi ya ndani na kadi ya microSD kwenye Rockbox: je, zinaweza kuwa mfumo mmoja wa faili?

Mpenzi wa Taarab, Tanga

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Ninatumia kicheza muziki cha Sansa Clip+ chenye hifadhi ya ndani ya 8 GB, ambacho nimekiwekea Rockbox badala ya programu kilichotoka nayo kiwandani. Mkusanyiko wangu wa taarab ulipozidi nafasi hiyo nilinunua kadi ya microSD ya 64 GB, nikaifomati kwenye kompyuta kwa FAT32, mmoja wa mifumo ya faili, yaani taratibu za kupanga mafaili kwenye diski, na tangu nilipoichomeka inasomeka bila tatizo lolote. Sasa nayo inakaribia kujaa.

Ninachokikosa ni umoja wa mkusanyiko wenyewe. Nikifungua orodha ya mafaili naiona folda ya Taarab iliyomo kwenye hifadhi ya ndani, kisha katika orodha hiyohiyo kadi inaonekana kama folda ya pekee, nayo ina folda yake nyingine ya Taarab. Nyimbo za Culture Musical Club nyingine ziko huku na nyingine kule, na za Bi Kidude vivyo hivyo, kwa sababu kila nyimbo mpya zilipopatikana ziliwekwa pale palipokuwa na nafasi. Kifaa hiki hutumiwa zaidi na mama yangu nyakati za jioni. Anapotaka kumsikiliza Bi Kidude anazitaka nyimbo zote za Bi Kidude, wala si kazi yake kukumbuka wimbo upi umehifadhiwa wapi.

Ninafahamu kwamba kwenye Linux mtu anaweza kuunganisha diski mbili au zaidi kwa LVM zikaonekana kuwa diski moja kubwa. Je, Rockbox inaweza kufanya jambo kama hilo, ili hifadhi ya ndani na kadi ziwe kitu kimoja cha 72 GB? Ikiwa haiwezi, ningependa kuielewa sababu, na pia kujua wenzangu mnaotumia vifaa vyenye hifadhi mbili mnafanyaje.

Msomaji wa Diski, Nairobi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu.

Rockbox haiunganishi hifadhi mbili kuwa mfumo mmoja wa faili, na kwa kifaa kama chako naona ni heri isifanye hivyo. Kwa kuwa umeuliza sababu, naomba nieleze kwa urefu kidogo, maana ukiijua sababu utaona pia njia ya kutokea.

Rockbox ilianza kuandikwa mwishoni mwa mwaka 2001 kwa ajili ya vicheza muziki vya Archos, na tangu wakati huo imesimama juu ya FAT, mfumo wa faili ambao karibu kila kompyuta inausoma. Katika FAT, eneo la data hukatwa vipande vya ukubwa sawa viitwavyo klasta, na karibu na mwanzo wa diski huwekwa jedwali lenye nafasi moja kwa kila klasta. Kifaa kinapotaka kusoma wimbo, huichukua namba ya klasta ya kwanza kutoka kwenye folda, hulitazama jedwali ili kujua klasta inayofuata ni ipi, kisha inayofuata hiyo, hadi wimbo uishe. Wimbo wa 5 MB kwenye kadi yenye klasta za 32 KB hukalia klasta 160, na kila moja inaitambua mwenzake kwa namba tu. Namba hiyo haina mahali pa kutaja diski ya pili. Klasta ya 4,000 maana yake ni klasta ya 4,000 ya diski hiyohiyo, basi. Zaidi ya hayo, FAT haina viungo vya njia ya mkato kama vilivyomo kwenye mifumo ya faili ya Linux, kwa hiyo huwezi hata kuweka ndani ya folda yako ya Taarab kiungo kinachokupeleka kwenye folda ya kadi.

Unaweza kusema kwamba LVM hufanya kazi chini ya mfumo wa faili, kwa kuzipanga sekta za diski mbili, yaani vipande vidogo kabisa ambavyo diski husomwa kwavyo, zifuatane, na FAT isijue kwamba imelala juu ya diski mbili. Ni kweli, na kwa nadharia Rockbox ingeweza kuandikiwa tabaka la namna hiyo. Lakini fikiria kinachotokea unapochomeka kebo ya USB. Kompyuta haikiombi kicheza muziki mafaili. Inaomba sekta, kisha inalisoma jedwali la FAT yenyewe. Leo inaziona diski mbili zilizo kamili, kila moja na jedwali lake. Zikiunganishwa, siku utakapoitoa kadi na kuisoma kwenye kompyuta moja kwa moja, kompyuta itakuta diski isiyokuwa na mwanzo, na Windows itakushauri uifomati. Programu ya asili ya kiwandani, ambayo bado imo ndani ya Clip+ pamoja na Rockbox, nayo itaikuta hifadhi ya ndani ikidai kuwa kubwa kuliko ilivyo.

Ndiyo maana Rockbox ilichagua njia unayoiona. Hifadhi ya ndani ndiyo mzizi, na kadi hupachikwa ndani ya mzizi huo kama folda iitwayo microSD1, jina lake likiwa limezungushiwa alama mbili za pembe. Alama hizo haziruhusiwi katika majina ya FAT, hivyo jina hilo haliwezi kugongana na folda yako yoyote. Kwa mpangilio huo kila wimbo, uwe ndani au kwenye kadi, una anwani yake moja inayoanzia kwenye mzizi mmoja, na orodha moja ya kupiga inaweza kuchanganya nyimbo za pande zote mbili.

Ushauri wangu, basi, ni kwamba usiziunganishe diski, unganisha orodha. Rockbox ina kanzidata ambayo hupita kwenye hifadhi zote, husoma lebo zilizomo ndani ya kila faili, yaani jina la msanii, albamu, wimbo na mwaka, kisha huandika orodha moja ya vyote. Mama akiingia kwenye kanzidata na kuchagua msanii, atazikuta nyimbo zote za msanii huyo mahali pamoja, kama daftari la maktaba linavyotaja vitabu vyote vya mwandishi mmoja hata kama vimewekwa kwenye vyumba viwili. Fungua mipangilio ya jumla, ingia sehemu ya «Database», uchague «Initialize Now», halafu ukiache kifaa kimalize kupita kwenye mafaili yote, na ukizime na kukiwasha tena kitakapokuomba.

Jambo moja litaamua kama utaifurahia njia hii au utaichukia, nalo ni usafi wa lebo. Kanzidata haijui kwamba «Siti binti Saad», «Siti Bint Saad» na «Sitti binti Saad» ni mtu mmoja. Itakuonyesha waimbaji watatu. Bi Kidude akiandikwa pengine «Bi Kidude» na pengine «Fatuma binti Baraka», atakuwa wawili, ingawa sote tunajua ni yeye yuleyule. Chagua namna moja ya kuandika kila jina na uishike. Kwa vikundi vya taarab, ambavyo waimbaji wake hubadilika kutoka wimbo hadi wimbo, tumia sehemu ya msanii wa albamu kuandika jina la kikundi, na sehemu ya msanii kuandika jina la mwimbaji. Rockbox hutambua sehemu zote mbili na hukuruhusu kuingia kwa mlango wowote kati ya hiyo.

Fundi wa iPod, Mombasa

Nakubaliana na ndugu wa Nairobi, ila naona ni vyema ijulikane kwamba kuna vicheza muziki ambavyo kadi kadhaa huunganishwa kweli zikawa diski moja. Watu wakisikia habari zake hudhani kila kifaa kinaweza.

iPod Video ya mwaka 2005 na iPod classic ya mwaka 2007 zilitumia diski ngumu ndogo za inchi 1.8. Diski hizo zinapokufa, wengi huziondoa na kuweka mahali pake kibao kinachobeba kadi za SD. Kipo kimoja kinachojulikana sana, iFlash Quad, chenye nafasi nne za microSD. Kibao hicho huzipanga kadi zote mfululizo na kuiambia iPod kwamba kuna diski moja tu. Muungano huo hauhusiani na Rockbox wala na programu ya Apple. Unafanyika kwenye kibao, chini kabisa, kabla programu yoyote haijaanza kusoma, na kompyuta nayo inapoungwa kwa USB huiona diski hiyohiyo moja. Lile tatizo la kompyuta kuona nusu ya diski halipo hapo, mradi hakuna anayezitoa kadi.

Sasa tazama gharama yake. FAT huweka nakala mbili za jedwali lake ili moja ikiharibika nyingine itumike, lakini nakala zote mbili hukaa karibu na mwanzo wa diski. Kadi zikipangwa mfululizo, mwanzo wa diski ni kadi ya kwanza. Kwa hiyo kadi ya kwanza ikifa, huondoka na nakala zote mbili, na zile kadi nyingine tatu, ingawa ni nzima, hubaki zimejaa vipande vya nyimbo visivyo na majina wala mpangilio. Ikifa kadi nyingine, utapoteza nyimbo zilizokuwa humo, na pia kila folda ambayo orodha yake iliandikwa humo, hata kama nyimbo zake ziko kwenye kadi nzima. Kadi nne pia zina nafasi kubwa zaidi ya moja kati yake kufa kuliko kadi moja peke yake.

Kwa mkusanyiko unaoweza kuunakili upya kutoka kwenye kompyuta jioni moja, hilo linavumilika. Kwa kanda za taarab ambazo pengine hazipatikani tena dukani, nakusihi, ndugu yangu, uwe na nakala kamili kwenye diski nyingine iliyo mbali na kifaa hicho kabla ya kufikiria muungano wa aina yoyote. Kwa mpangilio ulio nao sasa kadi ikifa unapoteza vilivyomo kwenye kadi tu, na hifadhi ya ndani inaendelea kupiga.

Wale wanaotumia vicheza muziki vya Android wana njia nyingine iliyokuja na Android 6.0 mwaka 2015, ambapo kadi hufomatiwa upya na kufanywa sehemu ya hifadhi ya ndani, pale mtengenezaji alipoiruhusu. Mimi siipendi kwa muziki. Kadi hiyo husimbwa kwa ufunguo unaobaki ndani ya kifaa. Kifaa kikiharibika, kadi haisomeki popote pengine.

Mwandika Programu, Dodoma

Naomba kuongeza njia ya tatu ambayo wenzangu hawajaigusa, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo hasa aliyokuwa nayo moyoni muulizaji. Mama hahitaji diski moja. Anahitaji folda moja ya Taarab. Mifumo mingine hufanya hivyo bila kuzigusa diski: huziacha kila moja na mfumo wake wa faili kamili, kisha huweka juu yake pazia linaloonyesha folda zenye jina moja kuwa ni folda moja. Mfumo endeshi wa Plan 9 ulikuwa na folda za namna hiyo, Linux ilipokea overlayfs kwenye toleo la 3.18 mwaka 2014, na watu wengi wenye seva za nyumbani hutumia mergerfs kwa kazi hiyohiyo. Faida yake kubwa ni kwamba diski moja ikifa, nyingine inabaki kamili na inasomeka peke yake, kinyume kabisa na mpangilio wa kadi nne alioueleza ndugu wa Mombasa.

Ugumu wake uko kwenye maswali ambayo lazima yajibiwe kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Wimbo wenye jina lilelile ukiwa pande zote mbili, upi uonekane? Mtumiaji akifuta faili kutoka kwenye folda iliyounganishwa na lile la upande wa pili likajitokeza, ataelewa kilichotokea? Faili jipya, kwa mfano pleilisti (orodha ya kupiga) iliyotengenezwa kwenye kifaa, liandikwe wapi? Na kadi ikichomolewa katikati ya wimbo, alama za kumbukumbu zilizokuwa zinaelekeza kwenye folda ya pamoja zielekezwe wapi? Kwenye seva maswali haya hujibiwa kwa mipangilio ambayo msimamizi ameisoma na kuielewa, lakini kwenye kifaa chenye skrini ya inchi moja, kinachotumiwa na mtu ambaye hataki kuona ujumbe wowote wa hitilafu, yanahitaji majibu yasiyomshtua mtu.

Kuna pia suala la ramu, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kifaa hufanyia kazi. Clip+ ina 8 MB tu, na humo lazima kutoshe Rockbox yenyewe, wimbo unaosubiri kupigwa, na orodha zote. Kadi ya 64 GB yenye klasta za 32 KB ina klasta karibu milioni 2, na kila moja inachukua baiti 4 kwenye jedwali la FAT32. Jedwali hilo peke yake linakaribia 8 MB, yaani ramu yote ya kifaa. Kwa sababu hiyo Rockbox hulisoma kipande kwa kipande kadiri linavyohitajika, na ni ustadi unaostahili heshima. Kuiongezea kazi ya kusoma folda mbili, kuzilinganisha na kuzipanga pamoja kila mama anapofungua Taarab kunawezekana, lakini si bure. Ninapopima faida hiyo na ile ambayo kanzidata inakupa tayari, nafikiri kanzidata inatosha.

Wakati huohuo unaweza kupunguza adha kwenye folda zenyewe kwa kuweka kanuni moja: msanii asikatwe katikati. Chagua wasanii wachache ambao nyimbo zao hazitaongezeka sana, uwahamishie wote kwenye hifadhi ya ndani, na wengine wote waende kwenye kadi. Hata mama akitumia orodha ya mafaili badala ya kanzidata, atakuta kila msanii yuko mahali pamoja.

Mpenzi wa Taarab, Tanga

Nawashukuru sana. Sikuwa nimelifikiria lile la nakala mbili za jedwali kukaa kwenye kadi moja, na limenitosha kuachana na wazo la muungano wa diski. Kanzidata nimeianzisha, na kwa nyimbo nilizozinunua zikiwa na lebo zake imefanya kazi kama mlivyosema.

Yamebaki mambo mawili. Nyimbo nyingi nilizirekodi kutoka kwenye kanda za kaseti, hazina lebo yoyote, na kanzidata imezirundika zote chini ya msanii asiyejulikana. Pili, pleilisti nilizozitengeneza kwenye kompyuta kwa ajili ya harusi hazipigi nyimbo zilizo kwenye kadi, ingawa kwenye kompyuta zinapiga vizuri.

Msomaji wa Diski, Nairobi

Ndugu yangu, yote mawili yana dawa.

Kwa nyimbo za kaseti, usitarajie programu zinazotambua nyimbo kwa kulinganisha sauti na kumbukumbu za mtandaoni, maana rekodi nyingi za namna hiyo hazimo humo. Tumia Mp3tag au Kid3, ambazo zinaweza kujaza lebo kutokana na majina ya folda na mafaili uliyokwisha kuyapanga. Ikiwa folda ni «Culture Musical Club», ndani yake kuna folda ya kaseti, na ndani yake mafaili yanaanza na namba kisha jina la wimbo, unaiambia programu mpangilio huo mara moja nayo inajaza mkusanyiko wote kwa pamoja. Jaribu kwanza kwenye folda moja, uyatazame matokeo, ndipo uendelee na nyingine. Ukimaliza, hakikisha kadi imo ndani ya kifaa kabla ya kuagiza «Update Now», kwa kuwa kanzidata hujipanga kufuatana na mafaili inayoyakuta wakati huo. Na kama kuna folda usiyotaka ionekane kwenye kanzidata, kwa mfano mafundisho au mazungumzo uliyoyarekodi, weka ndani yake faili tupu liitwalo database.ignore, Rockbox itairuka folda hiyo na vilivyomo vyote.

Ama pleilisti, shida ni anwani. Kompyuta inaiona kadi kama diski yenye herufi yake, tuseme E, na programu uliyotumia imeandika herufi hiyo mwanzoni mwa kila mstari. Kicheza muziki hakina diski E. Kina mzizi mmoja na kadi iliyopachikwa ndani yake. Kwa pleilisti ambayo nyimbo zake zote ziko kwenye kadi, ihifadhi kwenye kadi hiyohiyo na uiambie programu iandike anwani zinazoanzia pale faili la pleilisti lilipo. Zitapiga pande zote mbili, kwenye kompyuta na kwenye kifaa. Kwa pleilisti inayochanganya nyimbo za ndani na za kadi, itengeneze kwenye kicheza muziki chenyewe, kwa sababu Rockbox huandika anwani kamili kuanzia mzizi na hivyo hufika pande zote. Hiyo ya pili haitapiga kwenye kompyuta, lakini kwa harusi utakuwa na kifaa mkononi.